Tahadhari kwa wenye kesi za parseli (viwanja) Lubumbashi: huyu "Metre" alishafutwa kwenye baro (chama cha mawakili)

Ndugu zangu wa mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi na kwingine, someni hii kabla hamjatoa hata dola moja. Kuna bwana anazungukazunguka karibu na matribinali (mahakama) hapa Lubumbashi, anajiita Metre, kama wanavyoitwa mawakili. Toge (joho la wakili) anayo, mkoba anao, kadi za kugawa anazo. Lakini avoka (wakili) si avoka tena.

Jina lake siliandiki. Kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga hadi mwaka 1 mtu anayemtupia mwenzake tuhuma za kumvunjia heshima, na huyu bwana mbio za kwenda parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) anaziweza. Basi shikeni namna anavyofanya kazi, ndiyo itakayowasaidia.

Aliyeliwa pesa ni mama mdogo wangu, mjane, mwenye ugomvi wa mpaka na jirani. Alishindwa kwenye TGI (mahakama ya ngazi ya kwanza), uisie (mpeleka hati wa mahakama) akamletea hukumu nyumbani. Hapo Metre akatokea: "Mama, hii tunaipeleka apeli (rufaa), usiogope." Akachukua dola 350, halafu 200 nyingine eti za grefi (ofisi ya karani wa mahakama). Risiti yenyewe ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, saini bila muhuri, bila jina la kabine (ofisi ya wakili). Kila akipigiwa simu, jibu ni lile lile: kesi iko delibere, yaani majaji bado wanaitafakari hukumu. Miezi inapita, iko delibere.

Mwishowe akatuma picha ya hukumu kwa WhatsApp. Mama ameshinda! Palepale akaomba pesa ya kutekeleza hukumu.

Mimi nilipoikuza ile picha, niliona muhuri una kiboksi cheupe nyuma yake, kimefunika herufi za mstari wa chini; yaani umekatwa kwingine ukabandikwa. Na namba ya kesi ilianza na RC. Kesi ya madai ikifika Mahakama ya Rufaa hupewa namba ya RCA. RC ni ya ngazi ya kwanza. Kwenye grefi karani alifungua rejista, akateremka na kidole ukurasa hadi ukurasa, akafunga. Hakuna apeli iliyowahi kuandikishwa kwa jina la mama.

Dola 550 zinauma, lakini si ndizo zilizotumaliza. Apeli ya kesi ya madai ina siku 30 tangu hukumu iletwe. Siku hizo zilipita mama akiwa anaambiwa delibere. Sasa ile hukumu ya TGI imekaa, na jirani anaitembeza.

Kwenye sekretarieti ya baro ndipo tulipojua mengine: jina lake halipo tena kwenye tablo (orodha ya mawakili wa baro), alifutwa kwa sababu ya kula pesa za kliya (wateja) waliomtangulia mama. Kumbe tablo ndiyo ya kuulizia, na sisi watu wa mtaa tunatazama toge tu.

Mpangilio wa baro umo katika sheria ya tarehe 28 Septemba 1979. Avoka akimkosea kliya, Baraza la Baro linaweza kumpa onyo, karipio, kumsimamisha kwa muda usiozidi mwaka 1, au kumfuta kabisa. Aliyesimamishwa haruhusiwi kukutetea mpaka muda uishe, kwa hiyo usiulize tu kama jina lipo. Uliza kama leo anaruhusiwa kufanya kazi. Halafu kuna mtetezi wa mahakama, ambaye si avoka, ingawa mtaani naye anaitwa Metre. Huyo anafanya kazi halali, ila Mahakama ya Rufaa si uwanja wake.

Niseme pia: avoka kushindwa kesi si kosa la nidhamu. Msiende kumsumbua Batonie (mkuu wa baro) kwa sababu jaji hakuwapa parseli. Nendeni kama pesa imeliwa, karatasi ni bandia, au faili lako limezuiliwa. Wala msitegemee adhabu ya baro iwarudishie pesa; kwa pesa kuna parke, ambako kuna kosa la kuvunja uaminifu na lile la utapeli, na njia ya baro na ya parke hazizuiani. Kwa huyu wetu aliyekwisha kufutwa, baro haina tena la kumfanya kama avoka. Tumekwenda parke.

Asiye na uwezo wa kulipa aulizie baro ofisi ya ushauri wa bure. Ipo, ingawa wengi hapa kwetu hawajawahi kuisikia.

Kama bwana huyu ameshika faili lako, usimpigie simu kwanza. Nenda grefi na namba aliyokupa waitafute kwenye rejista, na kama hukumu umeshaletewa, hesabu siku tangu uisie alipofika. Zikibaki hata chache, tafuta avoka aliye kwenye tablo siku hiyohiyo aandikishe apeli. Malalamiko yaandikwe baadaye, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.