Mgonjwa wa ubongo: akae kwenu ama nyumba ndogo ya matunzo?
Kama mtu wenu alianguka na boda akaumia ubongo na sasa hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu wamemruhusu aende, swali ni atakaa wapi. Kumuweka kwenu hapo Kondele ni poa juu anajua sauti zenu na anakula chakula amezoea, lakini ubongo ulioumia huchoka haraka sana, kelele za matatu na watoto zinamchanganya, anaweza kasirika ghafla mnadhani ni madharau kumbe ni jeraha la hapo mbele ya ubongo, na mara nyingi mzigo wote unaangukia mama ama bibi yake, hata usingizi hapati. Hiyo inaniuma sana.

Nyumba ndogo ya matunzo, ile ya wagonjwa watano sita kwa mtaa wa kawaida, ina ratiba: dawa kwa wakati kama anapata kifafa, mazoezi, kupika mwenyewe akisimamiwa, yaani anafunzwa tena kujitegemea. Mimi ningeanza na hiyo, mradi iwe karibu mumtembelee. Shida ni pesa ya kila mwezi, na zingine hufungia watu ndani tu. Ulizeni nani hubaki na wao usiku, na kama mnaweza kuja bila kupiga simu kwanza. Wakikataa, tafuteni kwingine.