Kupanda ngamia Maralal: uliza kwanza ni ngamia gani

Ngamia nilikuwa nimempanda ufuoni Mombasa tu: dakika kumi, picha, shuka. Maralal, kule Samburu kaskazini mwa Kenya, ni habari nyingine. Tulikuwa wanne, tumelipia nusu siku, kila mmoja na mchungaji wake wa kushika kamba.

Hakuna aliyeniambia kwamba ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza. Mkono mmoja tandikoni, mwingine una simu, nikarushwa mbele nusura nibusu shingo yake. Simu iliokotwa vumbini. Egemea nyuma, shika kwa mikono miwili, picha utapiga baadaye.

Kilichonivuta ni tangazo la kambi, kwamba kila safari inasaidia kuhifadhi ngamia wa asili, kama wale wa Warendille, wafugaji wa huko kaskazini. Tulipofika korongoni nikamuuliza mzee aliyeniongoza, "Mzee, huyu ni wa Kirendille?" Akacheka. "Huyu ni chotara, dada. Baba yake ni wa Kipakistani. Wageni wanapenda mrefu."

Wa Kirendille alikuwa mkiani mwa msafara, mfupi, rangi ya mchanga, amebebeshwa mitungi ya maji na sufuria zetu.

Kuanzia hapo maswali yangu yote yakawa ya huyo wa nyuma. Mzee alisema ngamia wa Kisomali ana mwili na maziwa mengi, ila anataka malisho ya kutosha. Wa Kirendille anakamuliwa kidogo, lakini ukame ukibana ndiye unayemkuta bado amesimama. Na kundi likishakufa halirudi upesi: mimba ya ngamia ni kama miezi 13, ndama mmoja, kisha jike hukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kushika tena. Warendille wenyewe hawampandi, labda mtoto au mgonjwa wakati wa kuhama. Kwao ni maziwa, na mgongo wa kubebea nyumba. Kupanda kumeletwa na watalii, pamoja na yale mashindano ya mbio za ngamia ya Maralal yaliyoanza 1990.

Sasa kama pesa yangu inamlisha chotara na wa asili anabeba sufuria, kinachohifadhiwa ni nini? Niliporudi kambini nikamuuliza msimamizi. Jibu lake: "Madam, wote ni ngamia."

Wachungaji nawapa tano kati ya tano. Chai ya maziwa ya ngamia, yenye ule moshi wa kibuyu, pia tano. Tandiko linapata mbili: blanketi lilikuwa jembamba, na baada ya hapo kwa siku mbili nilikaa upande. Tangazo lao halipati hata moja.

Wakati wa kurudi nilishuka nikatembea na yule mfupi. Kila mgunga alisimama, akaupitisha mdomo katikati ya miiba, akachuma majani bila haraka. Desemba narudi, na mzee ameahidi kunitandikia huyo. Mitungi abebe chotara.