TAHADHARI: "MAX31855" za kuvishwa jina na waya wa K uliochakachuliwa

Wakuu, yanazunguka matangazo ya kifurushi cha kupima joto la tanuri, oveni na bomba la moshi: bodi ndogo ya "MAX31855" (chipu inayosoma themokapo), themokapo (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani kupima joto) ya aina ya K yenye waya wa mita mbili au tatu, na ahadi kwamba ukishaunganisha na ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi) namba zinaingia Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) zenyewe. Picha ni ya bodi sahihi. Kinachofika ni kingine. Hatutaji duka kwa sababu mzigo huohuo unauzwa na watu tofauti kwa majina tofauti, kwa hiyo bora uujue mzigo wenyewe.

Anza na tangazo, maana mara nyingi linajiumbua. MAX31855K inapima kuanzia -200 hadi 1350°C na inataka umeme wa volti 3.0 hadi 3.6; ukiipa volti 5 moja kwa moja unaiua. MAX6675 ni chipu nyingine, inapima 0 hadi 1024°C na inavumilia volti 3.0 hadi 5.5. Tangazo lililoandikwa "MAX31855" juu, halafu chini "0–1024°C, 3–5V", limeshakwambia ndani ya pakiti kuna nini. Zipo bodi halali za MAX31855 zinazokubali volti 5, lakini hizo zina kipande cha kushusha volti pembeni ya chipu, na unakiona kwa macho.

MAX6675 yenyewe haina kosa. Kwa oveni ya mikate inatosha kabisa. Kosa ni kulipishwa bei ya 31855 kwa ajili yake, na anayetaka kupima friza ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu 6675 haijui baridi ya chini ya sifuri.

Bodi ikifika, angalia maandishi ya chipu kwa kioo cha kukuzia. Inatakiwa isomeke MAX31855K. Ikiishia na J au T badala ya K, hiyo ni ya aina nyingine ya themokapo na namba zitapotoka. Uso uliokwaruzwa au wino unaofutika kwa asetoni ni dalili mbaya. Lakini kipimo cha uhakika kipo kwenye ESPHome (programu ya kuandalia msimbo wa ESP32). Iwashe kwa pini ya 3V3, si ya 5V, kisha weka hivi:

```
spi:
  clk_pin: GPIO18
  miso_pin: GPIO19

sensor:
  - platform: max31855
    name: "Tanuri"
    cs_pin: GPIO4
    update_interval: 5s
    reference_temperature:
      name: "Joto la bodi"
```

Chipu halali itakupa namba mbili: ya ncha ya themokapo, na ya bodi yenyewe, ambayo inakaribiana na joto la chumba. Baada ya hapo badilisha neno moja tu, andika `max6675`, na ufute mistari miwili ya `reference_temperature`. Chumba kikiwa na nyuzi 28, MAX31855 halisi ikisomwa kama 6675 itaonyesha karibu 14, tena ikikatikakatika kwa NaN (yaani hakuna namba). Sababu ni kwamba 31855 hutuma biti 32, na katika zile 16 za mwanzo joto limekaa nafasi moja pembeni ya pale 6675 inapoliweka, kwa hiyo namba hugawanyika kwa mbili. Sasa ikiwa umeandika `max6675` na inasoma 28 safi, bila kukatika, umeuziwa 6675. Asiyetaka kugusa msimbo aweke ncha kwenye friza: 31855 itashuka chini ya sifuri, 6675 itagota kwenye 0.

Hayo ya chipu ni hasara ya pesa tu. Waya ndio unaounguza vitu.

Themokapo haitengenezi volti pale nchani peke yake. Volti inajengeka kwenye urefu wa waya unaopita kutoka penye moto hadi penye baridi. Ndiyo maana waya wote, mpaka kwenye skrubu za bodi, unatakiwa uwe kromeli na alumeli (aloi mbili za nikeli zinazounda aina ya K), au waya wa nyongeza uliotengenezwa kwa aina ya K. Wajanja wanaweka sentimita 30 za K halisi, halafu wanaunga shaba ya kawaida na kuficha kiungo chini ya mpira mweusi wa kubana. Tuseme oveni ina nyuzi 180, kiungo kipo karibu na mlango penye nyuzi 55, na bodi ipo ukutani penye 30. Shaba haihesabu zile 25 za katikati, kwa hiyo Home Assistant itaonyesha 155. Otomesheni yako itaendelea kuwasha hita huku mikate inakuwa mkaa.

Tena kipimo cha maji yanayochemka hakikamati wizi huu. Kiungo na bodi vyote vikiwa kwenye joto moja la chumba, namba inatoka sahihi, na muuzaji atakutumia video ya maji kukuthibitishia. Fanya kinyume: acha ncha mezani, weka sehemu ya katikati ya waya ndani ya mfuko wa plastiki, tumbukiza mfuko kwenye maji ya moto, uangalie namba. Waya halali hautikisiki. Wenye kiungo cha shaba utashuka nyuzi nyingi ndani ya dakika chache, na ukisogeza mfuko taratibu utajua kiungo kilipo. Pitisha pia sumaku ndogo kwenye nyuzi za waya zilizo wazi upande wa bodi: alumeli inavutwa, kromeli haivutwi. Zote mbili zikigoma, una shaba.

Muuzaji atakujibu "weka offset tu kwenye ESPHome". Usikubali. Offset (namba ya kujumlisha au kutoa kwenye kila kipimo) hurekebisha kosa lisilobadilika. Hili linabadilika kila kiungo kinapopata au kupoteza joto, kwa hiyo utakachorekebisha asubuhi kitakuwa kimeharibika mchana.

Kuna wengine hata themokapo hawakupi. Pima kwa multimita upande wa omu: K ya waya wa mita mbili ina omu chache tu. Ikisoma karibu 110 ni PT100, sensa ya platinamu inayopima joto kwa ukinzani. Ikisoma karibu 100,000 ni thamista, kipingamizi kinachobadilika na joto. Hamna kati ya hizo inayofanya kazi kwenye bodi hizi. Kisha geuza mita kwenye milivolti, ncha kwenye maji yanayochemka, chumba kikiwa na nyuzi 25. Pwani, ambako maji huchemka kwenye 100, K inatoa kama 3.1 mV. Nairobi maji huchemka karibu na 94, tarajia 2.85 hivi. Ukipata karibu 4.0 pwani, hiyo ni aina ya J.

Na ile namba ya "800°C" inayotangazwa kwenye themokapo ya skrubu ya M6 ichukulieni kwa mashaka makubwa. Chuma kinaweza kufika; ganda la nyuzi za kioo linalofunika waya kwa kawaida halitakiwi kuzidi 400 na kitu. Kwa tanuri la ufinyanzi tafuteni yenye ala ya chuma na unga wa madini ndani, au ya mabomba ya kauri.

Tuwe waungwana pia, msimtuhumu mtu bure. K ya daraja la pili inaruhusiwa kupotoka nyuzi 2.5, kwa hiyo kusoma 98 badala ya 100 si utapeli. Joto likishuka unapopasha ncha, umegeuza waya: kwa mfumo wa Marekani nyekundu ni hasi, kwa waya nyingi za China nyekundu ni chanya, na kwa mfumo wa kimataifa wa IEC kijani ni chanya na nyeupe hasi. Namba ikiganda kwenye 6675, huenda unaisoma haraka mno. Inahitaji zaidi ya sekunde 0.22 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Na 31855 ikilalamika ukifunga sensa ya skrubu kwenye chuma cha oveni, ncha imegusana na skrubu. Tumia yenye ncha iliyotengwa.

Kabla ya kulipa, omba picha ya chipu ya bodi ileile utakayotumiwa, si ya tangazo, na swali moja la maandishi: "Waya ni K mpaka mwisho, bila kiungo?" Jibu litunze. Anayetaka utume pesa kwenye namba binafsi, bila risiti, na anayesema pakiti ikifunguliwa hairudi, mwache. Mkishapigwa, dai lenye nguvu lina vitu vitatu: picha ya kiungo baada ya kuchana mpira, video ya mfuko wa maji ya moto yenye grafu ya Home Assistant ikishuka, na lile jibu lake la maandishi. Fanyeni vipimo vyote ndani ya muda wa kurudisha mzigo, kabla hamjakata waya wala kulehemu pini.