Matembezi ya bure ya ndege na miti Mwanza: yapi ya kwenda, yapi ya kuacha

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Matembezi ya ndege ya alfajiri yenye watu wasiozidi 15, nenda. Upandaji miti wa Novemba, nenda, lakini uliza kwanza nani atamwagilia mwezi wa saba. Usafi wa ufukweni, nenda ukiwa na buti za mpira. Shughuli yenye spika, turubai na mgeni rasmi anayesubiriwa, iache. Waandaaji wake wana nia njema, ila asubuhi yote huishia kwenye hotuba, na kelele hufukuza ndege wote isipokuwa kunguru.

Shughuli hizi huandaliwa na vikundi vya mitaa, klabu za mazingira za shule, misikiti, makanisa na ofisi za kata. Tangazo hupita kwenye magrupu ya WhatsApp au kwa mwenyekiti wa mtaa, mara nyingi siku mbili tu kabla. Zipo siku za kuzitegea sikio: Aprili 1 ambayo ni siku ya taifa ya kupanda miti, Juni 5 ya mazingira duniani, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ya usafi, na Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba ambazo ni za ndege wahamao. Hakuna kiingilio. Gharama yako ni nauli ya daladala au bodaboda, maji ya kunywa na usingizi wa asubuhi.

Matembezi ya ndege hupimwa kwa saa ya kuanza kabla ya kitu kingine chochote. Jua la Mwanza huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam kwa karibu dakika 25, kwa kuwa tuko magharibi zaidi na saa tunayotumia ni ileile. Kwa mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro dakika chache. Kwa hiyo watu wawe wamefika mahali penyewe saa 12:30, wakiwa wameshasalimiana mwangaluka zao na simu zimezimwa sauti. Tangazo linalosema saa 3 asubuhi ni la mazoezi ya miguu. Saa hiyo jua limeshapanda, ndege wametulia kivulini na miamba imeanza kurudisha joto usoni.

Kipimo cha pili ni mpangilio wa njia. Kiongozi anayejua kazi huanza ufukweni, hufuata miti mikubwa, na miamba huiacha mwisho. Akianza na miamba, mjue mtazunguka kwenye mawe matupu, kwa sababu wakazi wake bado wamejificha kwenye nyufa wakisubiri joto.

Ufukweni huhitaji hata darubini kwa nusu ya ndege. Mdiria mweusi na mweupe hubaki hewani mahali pamoja juu ya maji, mabawa yakipiga mbio na mdomo umeelekea chini, kisha hujitupa na kuibuka na dagaa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Ukishaambiwa hilo mara moja hutamwangalia tena kama ndege yeyote tu. Mnandi husimama juu ya jiwe ametandaza mabawa, kwa sababu manyoya yake hulowa maji, hivyo lazima ayakaushe kila akitoka kuzamia. Furukombe, yule mwenye kichwa na kifua cheupe, husikika kabla hajaonekana, na akilia hutupa kichwa nyuma. Kongoti wale wakubwa wenye upara na yangeyange weupe ni rahisi zaidi kuwaona mwaloni Kirumba, penye mabaki ya samaki, lakini hapo ni sokoni, msiwazuie watu kazi yao kwa kundi la watu 15.

Kwenye miti mikubwa tafuteni kiota cha fundichuma. Ni lundo la vijiti linaloweza kufika upana wa mita moja na nusu, na mlango wake uko upande wa chini umekandikwa tope. Kiongozi akiwapitisha chini yake bila kusimama, amewanyima.

Mti wa kukaa nao muda mrefu ni mkuyu. Dakika 20 chini ya mkuyu mmoja wenye matunda zina faida kuliko kilomita tatu za kutembea, kwa sababu wageni huja wenyewe: ndege mchana, popo usiku, tumbili kama wapo. Okota tunda moja, lipasue kwa kisu. Ndani kuna maua, mamia yake, yamegeukia katikati, maana kuyu ni shada la maua lililojifungia. Ukibahatika utakuta na nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi. Jike huingia kwa tundu lililo kwenye ncha ya tunda, tundu lenyewe jembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika, hutaga mayai, hubeba chavua kwenye maua, kisha hufia humohumo. Madume wanaozaliwa ndani hawana mabawa. Kazi yao ni kupandana na kutoboa njia ya kutokea majike. Nyigu hao wakitoweka, mkuyu hauzai mbegu. Haya yote yanaonekana kwenye kiganja cha mkono, kwa lenzi ya bei nafuu, na hapa ndipo kiongozi mzuri hutofautiana na anayetaja majina tu.

Sasa miamba. Watu wa Mwanza huipita kila siku, wengine huiegemeza nyumba, lakini wachache wameelezwa ilivyofika hapo. Hakuna aliyeyapandisha mawe yale juu ya mengine, na hayakuletwa na maji. Ni granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyokuwa mwamba mmoja chini ya ardhi. Ilipasuka kwa mistari ya wima na ya mlalo, maji ya mvua yakapenya na kuozesha kingo za kila kipande hadi zikawa mviringo, kisha udongo ukasombwa kwa miaka mingi na mawe yakabaki yamebebana. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga ni mfano unaojulikana, ila somo hueleweka vizuri zaidi kwenye kilima kama cha Capri Point, ambapo unaweza kuweka kidole kwenye ufa wenyewe.

Kuanzia saa 2:30 hivi hutoka mjusi wa miambani, dume akiwa na kichwa na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea zambarau, na mwili wa buluu. Jike ni wa kahawia na huonekana kama sehemu ya jiwe. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu. Dume akikuona huinua na kushusha kichwa na kifua kama anayefanya mazoezi: anatangaza kwamba jiwe ni lake. Simameni hatua sita hivi kutoka kwake na ataendelea na shughuli zake. Michirizi meupe chini ya nyufa nayo ina mwenyewe, ni mkojo wa pimbi, ambao hujisaidia mahali palepale kizazi hadi kizazi. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani, kwa ajili ya nyoka na nyuki. Manukato makali yabaki nyumbani, nyuki hawayapendi. Na radi ikinguruma, shukeni mara moja kutoka kileleni; dhoruba za ziwani hupenda kupiga usiku na alfajiri, saa zilezile za matembezi.

Kuhusu idadi, kiongozi mmoja kwa watu 12 hadi 15 ndiyo kiasi. Mtu wa mwisho kwenye mstari amsikie kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Akilazimika kupaza sauti, kundi limezidi, ligawanywe. Darubini moja kwa watu watatu inatosha. Ya 8x42 ndiyo inayofaa anayeanza: hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele za milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Zenye ukuzaji wa 12 au 16 hutetemeka mkononi na huishia kuzungushwa bila kuona kitu. Namna ya kuitumia: mkazie ndege macho, usiyaondoe, kisha inua darubini hadi machoni. Wengi hufanya kinyume, huanza kuzungusha darubini wakitafuta mti. Kosa jingine ni kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili aje. Huja kweli, lakini huja kugombania eneo lake, akiacha kulisha makinda.

Upandaji miti ndio shughuli ya bure yenye watu wengi kuliko zote na ndiyo inayoharibika zaidi. Sababu kubwa ni kalenda. Mwanza hupata mvua kuanzia vuli ya Oktoba hadi masika ya Mei, ikipungua kidogo Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mche wa Aprili 1 hupata wiki sita hadi nane za mvua kabla ya kukauka kwa kila kitu. Wa Novemba mwanzoni hupata karibu miezi sita, na mizizi yake huwa imeshashuka. Siku ya taifa ingefaa zaidi kutumiwa kwa palizi na kujazia miche iliyokufa.

Sababu ya pili ni maji, na hapa hesabu haidanganyi. Miche 200 ikipewa lita 5 kila mmoja mara mbili kwa wiki, ni lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita 20 kila wiki, kwa miezi minne. Muulize mwandaaji nani atayabeba na kutoka wapi. Akiwa na majina na bomba lililo karibu, mpe nguvu zako. Akisema jamii itashirikiana, mshauri apande 30. Ombi jingine zuri: twende kwanza tukahesabu miche ya mwaka jana.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu uchanganywe na nusu debe la samadi iliyooza kabisa, na ndio unaotangulia kurudi shimoni. Vilimani kwetu pima kwanza kwa mtalimbo: ukigonga jiwe kabla ya sentimita 50, hama, mti huo hautashika. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Hili ni kosa linaloonekana kila mwaka, watu huchana chini tu na kuuzika mche na plastiki yake. Mizizi huzunguka humo, na baada ya miaka michache upepo huangusha mti. Maungio ya shina na mizizi yawe sawa na uso wa ardhi, juu yake kuachwe bonde dogo la kushika maji. Matandazo ya nyasi yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja, vinginevyo mchwa watapanda moja kwa moja. Kisha uzio wa miiba siku hiyohiyo, maana mbuzi hawangoji kesho. Miche isiachwe juani ikingoja wageni. Saa mbili kwenye jua kali zinatosha kuua mizizi midogo.

Karibu na maji, ndani ya zile mita 60 zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004, sipendekezi mkaratusi kabisa. Mkuyu unafaa na huota hata kwa tawi nene lililokatwa, ila usiupande jirani na nyumba au ukuta, mizizi yake hupasua.

Usafi wa ufukweni na wa kingo za Mto Mirongo una matokeo ya papo hapo, na nausifu kwa hilo. Wanaofanya vizuri hutenganisha taka hapohapo: chupa za plastiki, vioo, na vipande vya nyavu za makila, ambazo mnandi hunaswa nazo na kufa. Lakini kichocho si cha kupuuzia. Konokono wake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea huzidi kati ya saa 4 asubuhi na alasiri. Buti za mpira, glavu nzito, kazi iishe saa 4. Usiingie majini kuvuta gugu maji kwa mikono mitupu. Ukilowa, jifute kwa taulo kavu mara moja, kisha kapime choo baada ya wiki 6 hadi 8; ukipima mapema mno mayai hayaonekani. Gugu lenyewe, ambalo zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, lipelekwe juu mbali na mawimbi. Likiachwa mchangani usiku huo ziwa hulichukua tena.

Anayetaka kuona swala na mamba kwa karibu aende Saanane, ambayo si ya bure: ilianza kama bustani ya wanyama 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013, na utalipa kiingilio na boti. Kwa ndege na mijusi, miamba ya mtaani inatosha.

Watoto wa chini ya miaka 10 wasipelekwe kwenye matembezi marefu, huchoka na kuchosha wengine. Kwao tafuta shughuli ya mraba: kamba ya mita 4 hufungwa ncha, hutandazwa chini iwe mraba wa mita moja kila upande, na watoto wanne huhesabu kwa dakika 15 kila kiumbe kilicho ndani. Mahali palepale parudiwe baada ya mvua ya kwanza ya vuli, jioni kumbikumbi wakitoka.