Gauni la Italia saizi 42 lilivyonikwama nyongani: uzoefu wangu wa nguo za dizaina nikiwa Mwanza

Nianze na hela maana ndo inauma. Gauni 185,000, basi kutoka Dar 10,000, bajaji kwenda na kurudi stendi ya Nyegezi kuchukua mzigo 8,000. Laki mbili na elfu tatu hiyo, kwa gauni ambalo mpaka leo sijalivaa hata dakika tano. Analivaa mdogo wangu na kila nikimuona nalo naangalia pembeni.

Ilikuwa 2025, wifi yangu anafanyiwa sendofu, na mi ndo mke wa kaka yake mkubwa kwahiyo mnajua macho yanakuwa wapi. Bibi harusi akachagua rangi ya ndugu wa karibu, ile njano ya siagi iliyotawala kila kona mwaka ule, akina shangazi wakaishia kuiita rangi ya Blue Band na kamati nzima ikakubali jina. Kila mtu ajitafutie mshono wake ila rangi iwe hiyo. Sasa mi nikajisemea hii kitenge na satini ya sare nimechoka, safari hii natupia kitu cha dizaina, cha Italia, mtu akiniuliza nimenunua wapi nicheke tu.

Kuna dada Instagram anauza vitu vya hivyo, simtaji maana sitaki kesi. Picha zake safi, mwanga mzuri, nguo imening'inia kwenye henga ya mbao na kila maelezo yanaanza na neno orijino. Nikamtumia meseji, nikamwambia mi navaa 42, maana magauni yangu mawili ya lebo za Kifaransa niliyopata kwenye mtumba ni 42 na yananikaa vizuri kabisa. Akasema ipo 42, ipo moja tu na kuna mtu wa Arusha anaitaka. Kitambaa? Hariri dia wangu, ukishika hutaki kuachia. Basi nikalipa kwa lipa namba, hela yote mbele, kosa langu hilo silikatai.

Mzigo ukafika siku ya tatu. Nyumbani nikaoga kwanza, nikajipaka mafuta, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Likaingia kichwani, likapita mabegani kwa shida, kifuani nikavuta pumzi, lilipofika kwenye nyonga likagoma. Halishuki halipandi. Mwanangu wa kwanza ana miaka saba ndo alikuja kunivuta kwa juu huku anacheka, mi nimenyoosha mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Kumbe, na hili ndo lililonifanya niandike, 42 sio 42. Namba ya Italia na namba ya Ufaransa ni vitu viwili tofauti. 42 ya Italia ni 38 ya Ufaransa, ni 10 ya Uingereza, ni 6 ya Marekani. Mi ninayevaa 42 ya Ufaransa, yani 14 ya Uingereza, kwa nguo za Italia natakiwa nitafute 46. Tofauti ya saizi mbili nzima, na baada ya mtoto wa pili mi hata saizi moja sina ya kuchezea. Muuza nguo za Italia alitakiwa alijue hilo kuliko mimi. Nilipomwambia akanijibu kwa ufupi, dada 42 ni 42.

Nikageuza gauni ndani nje nisome lebo ndogo ya pembeni, ile ya kufulia ambayo watu wengi wanaikata kwasababu inawasha. Imeandikwa kwa Kitaliano, 100% poliestere. Hariri kwao inaitwa seta, nimejifunza siku hiyo na sitasahau. Nikampigia picha nikamtumia. Akasema poliesta ya Italia sio kama ya Kariakoo. Hapo nilicheka kwa hasira mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kubadilisha hakuna, kurudisha hela hakuna, mali ikitoka hairudi. Na mnisikilize hili, kabla sijalipa nilikuwa dia wangu, nilipolipa nikawa dada, siku ya malalamiko nikawa mteja. Mteja tunaomba uelewa.

Kuwa mkweli gauni lenyewe sio baya. Mshono umenyooka, zipu haijajikunja, maua ya kitambaa yanakutana vizuri pale vipande vilipoungwa, kitu ambacho feki nyingi hazihangaiki nacho. Simwiti mwizi. Ila kwa joto letu la Mwanza, ukumbini watu mia tatu na feni nne, poliesta yenye bitana ya poliesta ni kujipika mwenyewe, jasho halina pa kutokea. Mi nashinda nimesimama kaunta ya duka la dawa, najua nguo isiyopumua inavyomfanya mtu.

Afu kuna hili la msimu. Yeye alikuwa anatangaza mzigo mpya wa msimu, mwezi wa tisa. Nikakaa nikalifuatilia maana nilikuwa na uchungu na uchungu unasomesha. Hawa wenzetu wa Paris, Milan, London na New York wanaonyesha nguo nusu mwaka kabla, Februari na Machi wanaonyesha za baridi, Septemba na Oktoba wanaonyesha za joto za mwaka unaofuata. Ile njano ya siagi ilikuwa ya msimu wao wa joto wa 2025, kwahiyo ikifika mwezi wa saba huko wanaitoa kwa bei ya kutupa ili wapishe makoti. Ufaransa hata sheria ipo, punguzo la msimu linaruhusiwa mara mbili kwa mwaka, wiki nne nne, la baridi na la joto. Wafanyabiashara wanakomba hapo, gauni linapakiwa, linafika Dar mwezi wa nane wa tisa, linakuwa mzigo mpya. Siwalaumu, hiyo ndo biashara, ila nisiuziwe kwa bei ya mtu aliyenunua siku linatundikwa dirishani. Na sisi huku msimu wa baridi tunautoa wapi jamani? Mwanza kuna mvua na kuna jua, na jioni upepo wa ziwa. Ukivaa koti la sufu mtaa wa Rwagasore saa nane mchana watu watajua umetoka kuugua.

Sasa zikabaki wiki mbili na mi sina nguo. Nikaenda Rock City Mall kuzunguka, maduka mazuri yana hewa, unajaribu nguo kwenye chumba chenye kioo na hiyo peke yake ni faida kubwa baada ya yaliyonikuta, ila rangi yangu ilikuwa haipo na iliyokaribia ilikuwa imebana mikono. Nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nikashuka Mlango Mmoja. Wa nje ya Mwanza niwaambie, hapo ndo soko la mitumba linalojulikana, na ukitaka kitu cha maana unaenda asubuhi siku balo linapofunguliwa, sio jioni kwenye mabaki ya buku buku. Kelele, vumbi, mtu anakusukuma na begi, kijana amepanda juu ya meza anaita mbili mbili mbili mama chagua. Nina dada mmoja pale namnunulia tangu sijaolewa, anaitwa na wote mama Neema, yeye anajua mwili wangu kuliko mume wangu. Sikumwambia habari ya 42. Akaniangalia tu akasema umenenepa nyonga, subiri.

Akanitolea gauni lile la kupishanisha mbele halafu unafunga kamba kiunoni, kahawia na nyeupe. Nikasoma shingoni, Diane von Furstenberg. Moyo ukaruka ila uso nikauweka kama naangalia nyanya. Kwa wasiomjua huyu mama ni mzaliwa wa Ubelgiji, akafanyia biashara yake Marekani, na gauni hilo la kufunga ndo lililomtoa, 1974, mpaka 1976 alishauza zaidi ya milioni moja. Uzuri wake ndo ule uliokuwa dawa ya tatizo langu, halina zipu wala namba ya kukutukana, leo umeshiba unalegeza, kesho umefunga swaumu unakaza.

Kama ni la kweli? Siapi. Ila nililipekua. Kwenye lebo za nguo zinazouzwa Marekani mara nyingi utakuta herufi RN na namba mbele yake, hiyo inatolewa na tume yao ya biashara, FTC, na unaweza kuitafuta bure kwenye simu ikakutajia kampuni. Niliitafuta palepale nimejificha nyuma ya meza ya suruali, ikakubali. Najua lebo nayo inaweza kuigizwa, kwahiyo nyumbani nikavuta uzi mmoja kwenye pindo nikauchoma kwa kiberiti, ukanuka nywele zilizoungua na ukabaki majivu yanayosagika, hiyo ndo hariri. Uzi wa gauni la Italia ukayeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi, harufu ya plastiki. Jaribuni, ila juu ya sinki tafadhali, sio juu ya zulia kama mimi.

Mama Neema alianzia 25,000, tukabishana mpaka 15,000 sababu kwapani lilikuwa na doa na kamba moja imeachia. Na humo humo sokoni nikaona magauni ya kupepea yenye marinda na shingo ya kamba, yale ya miaka ya 2000 mwanzoni, yamelundikwa kwa 5,000. Wadada wanayaruka. Wakati Chloé, kampuni ya mitindo ya Paris, tangu 2024 mbunifu wao Chemena Kamali alipoonyesha nguo zake za kwanza pale, imeyarudisha mtindo huohuo na huko moja tu ni zaidi ya dola elfu, yani mamilioni kwa hela yetu. Nilibeba mawili. Tena Chloé mwanzilishi wake Gaby Aghion alizaliwa Alexandria, Misri, akaianzisha 1952, kwahiyo nikivaa najihesabia ni ya bara letu, mnicheke tu.

Ila rangi ya sendofu bado. Hapo ndo fundi wangu wa Mabatini akaingia. Nilimpelekea lile la kahawia, nikamwambia fundi usilifumue, lilaze tu mezani uchukue umbo, nikatie hivihivi kwa kitambaa kingine. Akalizunguka kama daktari. Akasema dada'angu aliyekata hili alikuwa na akili, mkono umelala bila kuvuta mgongo. Nikanunua kitambaa cha siagi mita tatu na nusu, 9,000 kwa mita, chepesi kinachopumua, akanishonea kwa 40,000. Jumlisha na lile la mtumba ni 86,500 na nina magauni mawili. Najua hapo nimeiba mshono wa watu, Diane anisamehe.

Kasoro zipo, nisiwe kama matangazo. Fundi alichelewa siku mbili, kila nikipiga simu yuko njiani na nyuma nasikia cherehani. Na gauni la kufunga na upepo wa ziwa haviivi chungu kimoja, siku ya kulijaribu nilipita pale kivuko cha Kamanga likafunguka mpaka abiria wakanyamaza. Fundi akaongeza kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, usawa wa paja, tatizo likaisha. Mwenye gauni la hivyo na hana kifungo hicho asithubutu kupanda bodaboda.

Siku yenyewe nilicheza mpaka saa saba usiku na sikuloa mgongo. Mama mkwe akanishika kitambaa akaniuliza mama umenunua wapi hii, nikasema Italia, shemeji yangu anayejua stori nzima akapaliwa na soda.

Kwahiyo yule muuzaji wa mtandaoni kwangu nampa mbili kwa tano, hiyo mbili ni ya kufungasha vizuri na mzigo kufika kwa wakati. Mlango Mmoja nne na nusu, nusu nimekata kwa vumbi na kukosa pa kujaribia, unavalia juu ya nguo ulizovaa huku umeshikiwa khanga. Fundi nne, angewahi ningempa zote. Na siku hizi silipi hata shilingi kabla sijatumiwa picha ya lebo ya ndani na vipimo vya futi ya fundi, kifua, kiuno, nyonga, kwa sentimita, nguo imelazwa.

Juzi yule muuzaji kanitumia meseji tena, nahisi alituma kwa wote. Dia wangu, makoti ya msimu yameingia, orijino. Nimerudi kuwa dia. Nje jua linawaka mpaka mijusi imehamia kivulini mwa mawe. Nikamuuliza nyonga sentimita ngapi. Kaisoma, mpaka naandika hii hajajibu.