Chombo cha kuchora gia mtandaoni: hesabu meno kabla ya kulipa

Kuna tovuti inayokuchorea gia na kukuuzia faili ya kuchapa kwa printa ya 3D. Kama gia yako ndogo ina meno chini ya 17, achana na chombo hiki. Kitakula filamenti yako (uzi wa plastiki wa printa) na pesa yako, na wakati wote skrini itakuonyesha gia zinazunguka laini kama siagi.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kabisa hapa Mombasa: mashine ndogo ya kukanda unga wa chapati, gia ya plastiki imeng'oka meno, spea haipatikani mjini. Shafti mbili zimeshikwa na bodi, katikati hadi katikati milimita 50, hazisogei. Gia ndogo meno 10, kubwa 40, moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) milimita 2, pembe ya msukumo, yaani pembe ambayo meno yanasukumana, digrii 20. Jumlisha meno, zidisha kwa moduli, gawa kwa mbili, unapata 50. Hapo hakikukosea.

Kilipokosea ni kwenye shina la jino. Kwa digrii 20, gia yenye meno chini ya 17 ina tatizo linalojulikana tangu zamani: ncha ya jino la gia kubwa inaingia ndani sana na kugonga shina la jino dogo. Gia hii ya meno 10 duara lake la msingi lina kipenyo cha milimita 18.79, lakini bonde la meno linashuka hadi 15. Ile mikunjo ya jino inaishia kwenye duara la msingi. Kutoka hapo kwenda chini, chombo hiki kinachora mstari mnyoofu tu kuelekea katikati, basi. Hakichimbi shina ili ncha ipite, hakisogezi meno nje, hakitoi onyo hata la neno moja. Ukizichapa na kuzifunga, zinakwama. Ukizilazimisha, jino linakatika pale pale shinani.

Na zile picha zinazozunguka? Hazipimi chochote. Kila gia inazungushwa kwa mwendo wake, na kwa kuwa zote zina rangi moja, meno yakiingiliana huoni. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mtu analipia faili kwa kuamini alichoonyeshwa.

Niliwaandikia wenye chombo juzi juzi, nikaeleza kila kitu kwa vipimo. Jibu: niongeze meno, halafu ati chombo ni cha watu wenye ujuzi. Niongeze meno vipi na shafti hazisogei? Nikiweka 20 kwa 80, 50 yangu ibaki palepale, lazima moduli ishuke hadi 1, na unene wa jino unatoka milimita 3.14 hadi 1.57. Unga mzito wa chapati utayanyoa meno hayo. Huo si ushauri, ni kumfukuza mteja.

Dawa ni kusogeza meno. Chukua 17, toa 10, gawa kwa 17: 0.41. Gia ndogo inasogezwa nje kwa 0.41 ya moduli, yaani milimita 0.82, kubwa ndani kwa kiasi hichohicho, na umbali wa shafti unabaki 50. Kipenyo cha nje cha ndogo kinapanda kutoka 24 hadi 25.64, cha kubwa kinashuka kutoka 84 hadi 82.36. FreeCAD, programu ya kuchora ambayo ni ya bure, ukiiongezea kifurushi chake cha gia ina mahali pa kuandika namba hiyo. Jino la gia ndogo sasa lina unene wa 3.74 hivi, kwa hiyo kwa nozeli (mdomo wa printa) ya milimita 0.4 weka kuta 5 ili lijae lote. Acha nafasi ya milimita 0.2 kati ya meno. Tabaka la kwanza hutanuka, likwangue kwa wembe kabla ya kufunga. PLA, plastiki ya kawaida ya kuchapia, hulegea kwenye nyuzi 60 na mota ikipata moto utajuta, tumia PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Nailoni ni imara zaidi, lakini kwa unyevu wa pwani hii bila kuikausha kwanza inatoka na mapovu.

Nilitaka kuwa mwadilifu niseme kwamba kwa gia za meno 20 na kuendelea chombo kinafaa, maana ni chepesi na hata simu inakifungua. Nikaifungua tena ile faili ya gia ya meno 40 na kuikuza. Ubavu wa jino, ambao unatakiwa uwe mkunjo mmoja, umechorwa kwa vipande vitatu vya mistari iliyonyooka! Kila kona ikipita kwenye jino la mwenzake inagonga na kutoa kelele ya kukereza. Kwa hiyo nafuta nililotaka kusema. Hata kwa meno mengi, usilipe. Pesa yangu nimeidai, hawajajibu.