Metallica, “...And Justice for All” ya 2018: besi imerudi?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo ninayo hii hapa mkononi. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaliona sanamu? Yule mama wa haki, kafungwa kitambaa machoni, kamba zinamvuta huku na huku, na mizani yake imejaa noti za dola mpaka zinamwagika. Hii ni “...And Justice for All” ya Metallica, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, yaani rock nzito. Albamu yenyewe ilitoka 1988, na niliyoishika ni toleo lililosafishwa upya la 2018.

Kila nikigusa bendi hii mnaniuliza swali moja, maana kwenye rekodi ya 1988 gitaa la besi karibu halisikiki: besi imerudi? Nijibu sasa hivi, ili mwenye bando dogo aondoke na jibu lake mapema. Haijarudi.

Waliobaki, tuendelee.

Nilianza na hedfoni zangu za waya, kisha nikahamia kwenye sabufa ya sebuleni. Wimbo wa kwanza ni “Blackened”. Magitaa yanaingia yakiwa yamegeuzwa kinyumenyume, yanavimba taratibu, halafu ngoma zinapasuka. Sikiliza ile ngoma kubwa ya mguuni: tak, tak, tak, kavu kabisa, kama mtu anagonga meza kwa kalamu. Gitaa la James Hetfield limekaa kulia na kushoto, zito, linakata kama msumeno. Haya, sasa tafuta besi. Mimi siku ya kwanza niliinuka kwenye kiti nikaenda kuweka kiganja juu ya sabufa, nikidhani waya umechomoka. Ulikuwa mahali pake. Nikageuka kumlaumu fundi aliyeniunganishia, masikini, kumbe hana kosa. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hili linatusumbua zaidi, maana kwetu besi ikizimika ukumbini watu wanarudi kwenye viti vyao.

Na kinachouma ni kwamba “Blackened” ndio wimbo pekee kwenye albamu hii ambao mpiga besi wao, Jason Newsted, ametajwa kuwa mmoja wa watunzi. Katunga, kapiga, hasikiki.

Ilikuwaje? Hapo lazima turudi nyuma. Mwaka 1981, Los Angeles, Lars Ulrich, mpiga ngoma, kijana wa Kidenmaki aliyefika Marekani akiwa na ndoto za tenisi, anaweka tangazo gazetini kutafuta wanamuziki. Hetfield anajitokeza. Mwaka unaofuata wanamwona Cliff Burton akicharaza besi kwenye bendi nyingine iitwayo Trauma, wanachanganyikiwa. Wanamfuata. Burton anawaambia sawa, ila mimi sihami kwetu, hameni nyie. Bendi nzima ikafunga virago ikahamia upande wa San Francisco. Mpiga besi kahamisha bendi! Kwa kawaida huyo ndiye mtu ambaye jina lake huulizwi.

Na ukisikiliza albamu tatu za mwanzo utaelewa kwa nini walikubali. Kwenye “Kill 'Em All” ya 1983 amepewa wimbo wake, besi inaongea peke yake mpaka ngoma zinapokuja kumsindikiza. Kwenye “Ride the Lightning” ya 1984, ule mwanzo wa “For Whom the Bell Tolls” unaodhani ni gitaa la solo linalia, ni besi yake hiyo, imepitishwa kwenye mtambo wa kukwaruza sauti. “Master of Puppets” ya Machi 1986 nitaisema kwa kifupi: mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, albamu ya kwanza ya metali kupata heshima hiyo.

Septemba 1986 wako ziarani Sweden. Wanavutana karata ili kujua nani atalala kitanda gani ndani ya basi. Burton anavuta ree ya shupaza na kuchagua kitanda cha mpiga solo, Kirk Hammett. Alfajiri ya tarehe 27, karibu na mji wa Ljungby, basi likaacha njia na kupinduka. Burton akafariki. Alikuwa na miaka 24.

Kabla mwezi mwingine haujaisha Newsted alikuwa ameshachukuliwa. Hebu jiweke kwenye viatu vya huyo kijana. Anaingia nyumba yenye msiba, anakalia kiti cha marehemu, na wenye msiba hawajalia wakaisha. Walimfanyia mizaha mibaya kwa muda mrefu, wenyewe wamekiri miaka ya baadaye. Halafu ikaja albamu hii.

Yako mambo mawili, msiyachanganye. La kwanza ni la kifundi: Newsted alikuwa anafuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, na gitaa lenyewe lilishajaa uzito wa chini, kwa hiyo ikawa watu wawili wanagombea mlango mmoja. La pili ni la makusudi. Steve Thompson, mmoja wa waliomiksi, yaani waliopanga kila chombo kisikike kwa kiasi gani, amesema hadharani kwamba Lars ndiye aliyetaka besi ishushwe. Mimi naamini huzuni ilikuwa na mkono wake pale. Hayo ni maoni yangu, msinishike shati.

Sasa kwa nini toleo la 2018 halikurekebisha? Kwa sababu ilimastiwa upya, haikumiksiwa upya. Kumiksi upya ni kurudi sokoni, kununua nyanya na vitunguu, kuanza kupika. Kumasta upya ni kupasha mchuzi ulioiva jana. Utaongeza chumvi kidogo, utaupasha vizuri, lakini nazi iliyosahaulika jana huwezi kuitia leo. Na Hetfield ameshasema haoni sababu ya kubadilisha, ile ni historia. Mashabiki wengine hawakungoja ruhusa, wakatengeneza matoleo yao ya besi iliyopandishwa na kuyamwaga mtandaoni.

Je, kuna kilichoboreka? Kwa masikio yangu, kipo. Matoazi hayachomi kama zamani, na mwanzo wa “One” umetulia vizuri, ule wa magitaa laini kabla risasi za ngoma hazijaanza. “One” ndio wimbo wao wa kwanza kutengenezewa video, na ndio uliowapa Grammy mwaka 1990. Mwaka mmoja kabla Grammy ya kwanza kabisa ya rock nzito na metali ilikwenda kwa Jethro Tull, bendi ya jamaa anayepuliza filimbi. Watu wanacheka mpaka leo.

Baada ya hapo walipata funzo. Albamu ya 1991 iitwayo “Metallica”, maarufu kama albamu nyeusi, na prodyuza Bob Rock, besi ipo, nene, unaihisi kifuani, na imeuzwa Marekani pekee zaidi ya nakala milioni 16. Newsted akaondoka Januari 2001. Kwenye “St. Anger” ya 2003 besi ikapigwa na prodyuza Bob Rock mwenyewe, na ngoma ya Lars inalia kama ndoo ya bati. Ile naiweka kando, siku nyingine. Robert Trujillo akaingia mwaka huohuo na yupo mpaka sasa. Mwaka 2009, walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa rock huko Marekani, Newsted na Trujillo walipiga pamoja jukwaani, besi mbili, na baba yake Cliff akapanda kupokea kwa niaba ya mwanawe.

Ununue? Kama hujawahi kuisikiliza Metallica, usianzie hapa, anza na “Master of Puppets”. Kama unayo ya 1988 na haijachakaa, tunza hela yako. Lile sanduku kubwa la mikusanyo la toleo hili la 2018 waachieni wenye rafu na wenye mshahara. Kama huna kabisa, chukua CD ya kawaida ya 2018, hutajuta, ila pandisha besi kwenye redio yako kabla hujabonyeza.

Mimi yangu siiuzi. Wimbo wa nane, “To Live Is to Die”, karibu dakika kumi, umejengwa kwa vipande alivyoviacha Burton, na jina lake lipo kwenye orodha ya watunzi miaka miwili baada ya kifo chake. Ngoja nichomoe hizi hedfoni niuweke kwenye sabufa.